Ngumu ya Kaka, Laini ya Shemeji

Mama Ngozi alikata shauri kuifunga karakana yake kabla mikono haijamkataa kabisa. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na kisu cha kukwangulia ngozi hakitaki kidole cha kubahatisha. Akamwita kaka yake aje wapange vitu pamoja. Kaka yake, mwindaji mstaafu wa miaka sabini na sita, akafika mapema akiwa na miwani mbili shingoni, moja ya karibu na moja ya mbali, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuanza kutoa amri.

"Hilo gogo usilitupe. Na ndoo hizo zisogeze kule."

"Kaka, nilikuita unisaidie, sikukuita uwe msimamizi."

"Na mimi ndivyo ninavyosaidia."

Karakana bado ilikuwa na harufu ya chumvi, magome na mafuta, harufu iliyokuwa imeingia hadi kwenye kuta. Mwaka juzi, mumewe alipofariki, watu waliokuja kumpa pole walikuwa wakiisikia hadi sebuleni. Mumewe waliyemwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi isipokuwa mkewe na kinyozi, alikuwa akisema harufu ile ndiyo iliyomwoa yeye.

Zamani hizo wanaume hawa wawili waliwinda pamoja. Walikuwa wameajiriwa kulisha kambi ya wajenzi wa reli, kwa kibali maalumu: madume tu, na kwa idadi. Kila mmoja alikuwa na bunduki yake ya tatu-saba-tano, bunduki yenye mtutu mpana na teke la kumwacha mtu na bega la buluu. Wakitoka porini waliletea karakana ngozi, na pamoja na ngozi walileta ubishi.

Kaka alikuwa mtu wa risasi ngumu, ile iliyovikwa chuma mwanzo hadi mwisho. "Inapita kama msumari," alikuwa akisema. "Tundu dogo kuingia, tundu dogo kutoka. Nyama nzima, ngozi nzima. Hizo laini zako ukimpiga nazo swala mdogo, bega zima linageuka uji. Ukimpiga mkubwa, zinapasukia kwenye mfupa kabla hazijafika popote."

Kofia alikuwa mtu wa laini, ile ambayo ncha yake imeachwa wazi ili ikiingia mwilini ifunguke kama uyoga. "Nyama nzima ya nini kama imekimbia?" naye alikuwa akijibu. "Ngumu yako inatoboa, mnyama anaondoka nayo hadi jioni. Yangu inafunguka, inabaki ndani, anaanguka. Halafu yangu najua ilipoishia. Yako unaijua?"

Kisha wote wawili walimgeukia Mama Ngozi, wakati huo msichana mwenye aproni ya mpira, awe hakimu. Alizitandaza ngozi juu ya gogo na kuwaonyesha matundu bila kupepesa macho. Mara nyingine aliwakatalia wote. Kofia alizikusanya risasi zilizopatikana ndani ya wanyama, naye Mama Ngozi alizifunga moja moja kwenye karatasi na kuandika zilikotoka. Zilijaa kwenye bati la biskuti.

Bati hilo ndilo Kaka aliloliona juu ya rafu saa nne ya asubuhi ile. Akalishusha, akavaa miwani ya karibu, akaanza kufungua vikaratasi kimoja kimoja huku akicheka peke yake.

"Hii ya kuro! Unakumbuka yule kuro? Laini ya shemeji ilivunjikia begani vipande vitatu. Nilimkalia kooni mwezi mzima."

"Nakumbuka. Na yeye alikukalia wewe kwa yule tandala uliyemfuata mpaka viatu vikaachia nyayo."

"Alikuwa hana dogo, mume wako." Akafungua kingine. "Tena ajabu yake, siku moja tu aliyotia ngumu kwenye bunduki, ndiyo siku aliyoua jike."

Alikuwa ameusema mzaha huo kwa miaka thelathini na minane, harusini na misibani. Kofia alikuwa akicheka kila mara na kuishusha kofia yake usoni. Mama Ngozi alisimama na fagio mkononi, na hapo ndipo alipokumbuka kilichokuwa ndani ya bati. Alikuwa amechelewa. Kaka alikuwa amekwisha kukifungua.

Ilikuwa laini iliyofunguka vizuri, imetanda kama uyoga. Kwenye karatasi kulikuwa na mwandiko wa ujana wake, tarehe, na maneno haya: *Pofu dume. Chini ya ngozi, ubavu wa kulia.*

Kaka alisoma mara ya kwanza. Akafuta miwani, akasoma tena.

Siku ile walikuwa wamemkuta pofu dume, swala mkubwa kama ng'ombe wa maziwa, pembeni mwa kichaka. Walifyatua karibu kwa pamoja. Dume alianguka, wakashangilia, lakini hatua hamsini nyuma yake walimkuta jike amelala, na ndama amesimama karibu. Risasi moja ilikuwa imempita dume na kwenda kumuua jike. Afisa wa wanyamapori alipofika na kuuliza ni ngumu ya nani, Kofia alijibu kabla Kaka hajafungua mdomo: leo alitia ngumu kujaribu, na yeye ndiye aliyepiga kwanza; ya Kaka ilimkuta dume akiwa tayari anaanguka. Kibali chake kikachukuliwa palepale. Kaka akaendelea na kazi kambini miaka kumi na mmoja mingine. Kofia akaenda kuomba kazi ya kukwangua ngozi.

"Tulipiga risasi mbili tu," Kaka alisema polepole. "Yangu na yake. Yangu ilikuwa ngumu, sikuwahi kutumia kitu kingine. Sasa kama yake ni hii laini, na ilibaki ndani ya dume..." Akaiweka risasi juu ya goti kama kitu cha moto. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoikwangua ile ngozi. Matundu madogo mawili yaliyotazamana, kuingia na kutoka. Na moja lisilokuwa na mwenzake. Nikapapasa ndani, nikaitoa hiyo."

"Ukamuuliza?"

"Nilimuuliza. Alikuwa amesimama hapo ulipokaa, anaomba kazi. Nikamwambia, wewe ulisema ulipiga ngumu, na hii je? Akasema, 'Kaka yako ana watoto wanne. Mimi nina kofia.' Akaniomba nisiseme."

"Na wewe ukanyamaza! Ndugu yako wa tumbo moja!" Kaka alisimama, kigoda kikaanguka. "Miaka yote hiyo namcheka mbele za watu, na wewe unanipakulia chakula!"

"Nilitaka kusema, Kaka. Mara ngapi! Alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua utaacha kumtania. Na akasema tena, bila siku ile asingepata sababu ya kuja hapa kila asubuhi."

Kaka alitazama gogo la kukwangulia, lililolika upande wa kushoto, kwa kuwa Kofia alikuwa mtu wa mashoto. Akalipapasa pale palipolika. Akavua miwani zote mbili, na mdogo wake akageuka kufagia mahali palipokuwa safi tayari.

"Yule ndama," mwishowe Kaka alisema. "Alikuwa mkubwa wa kutosha kuishi bila mama. Nilimwona na kundi wiki iliyofuata. Sikumwambia shemeji. Nilidhani namwadhibu."

Jumapili hiyo Kaka aliwaita watoto wake wanne, wenyewe sasa watu wazima wenye mvi za mwanzo, na Mama Ngozi akakaa nao mezani. Aliwasimulia yote, bila kujipendelea wala kutia chumvi: nani alipiga nini, nani alijitwika lawama, na ni akina nani waliosomeshwa na kazi aliyobaki nayo yeye. Kitindamimba ndiye aliyeuliza, labda ili baba yake apumue:

"Sasa baba, baada ya yote hayo, ipi bora? Ngumu au laini?"

Kaka alifikiri. Mama Ngozi alisubiri mzaha wa zamani.

"Ngumu ni ya nyati," Kaka alisema, "mnyama wa mifupa minene, tena akiwa peke yake. Kwa swala, hata pofu, na hasa wakiwa kundini, tumia laini iliyotengenezwa vizuri, isiyovunjika ovyo, halafu uwe na subira mpaka akupe ubavu. Utapoteza nyama kidogo. Lakini utajua risasi yako ilipoishia. Ndivyo alivyosema shemeji, na alikuwa sahihi."

Mama Ngozi aliinuka akasema anakwenda kuleta maji, ingawa jagi lilikuwa mezani limejaa. Alisimama jikoni, mikono kwenye ukingo wa sinki, akiwasikia watoto wakimdai baba yao awasimulie habari ya yule kuro, na yule tandala, na shemeji alivyocheka. Kaka akaanza. Kila alipofika kwenye maneno ya Kofia alikohoa kidogo, kisha akaendelea.