Maji ya Mgongo wa Saado

Jumanne saa nne asubuhi Saado Dubow alilala kifudifudi kwenye kitanda cha zahanati moja ya binafsi mjini Garissa, na hakuamini hata nukta ya alichoambiwa. Mtaalamu wa viungo, Gumato, Mborana wa Buna, alishika kimashine kidogo kama simu ya mulika mwizi, chenye nyaya mbili na vibandiko vinne. Alieleza kuwa kinapitisha umeme hafifu kwenye neva, ili maumivu yasifike kichwani.

"Hii umeme inatoka kwa ukuta? Isije ikanibiga," Saado alisema.

"Hapana, mama. Ni betri."

"Fungua nione."

Gumato alifungua. Saado akazitazama betri, akazinusa, akageuza uso. Hakutaka makubwa. Miaka mitatu alikuwa anaswali juu ya kiti cha plastiki kwa sababu mgongo ulikataa kuinama, na alitaka paji lake la uso liguse ardhi tena kabla hajafa. Mganga wa chuma cha moto alishamchoma mara saba kwa ahadi hiyohiyo. Gumato alibandika vibandiko katikati ya makovu, akaweka namba nne.

Maji yakatoka mgongoni.

Gumato alishuku kuna chupa iliyomwagika kitandani. Alipapasa chini ya shuka, akakuta kitanda tu, akaenda kuleta ndoo. Karatasi ya maelekezo ilisema ngozi iwe kavu. Haikusema la kufanya ikiwa ngozi ndiyo chemchemi. Ndoo ilipojaa alizima mashine, na maji yakakatika. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mchanga chini. Saado aliyaonja kwa ncha ya kidole.

"Hii maji najua. Ni ya Tana. Mimi nimebeba."

Alikuwa ameyabeba tangu utotoni, mtungi mmoja asubuhi na mmoja alasiri, kutoka mtoni hadi kijijini Haro Yare, mwendo wa saa moja na nusu. Gumato aliandika kwenye kadi: maumivu yamepungua kidogo, maji lita ishirini. Akamwazima mashine aitumie nyumbani kila siku, na kumshauri aweke beseni karibu.

Kijijini majirani walikuja na mitungi na macho makali. Rukiyo wa nyumba ya pili alisema umeme na maji havikai pamoja bila jini kuwapo. Imamu akaitwa. Alichota, akanusa, akasema maji ya mto ni twahara popote yalipopitia, akatawadha. Baada ya hapo foleni ilikuwa ya kawaida, pamoja na wale wanaoruka foleni.

Aliyeshuku kuliko wote alikuwa Abdisalam, katibu wa kamati ya mradi wa maji wa Haro Yare, na alikuwa na sababu. Katika ripoti zake bomba la kijiji lilikamilika miaka minne iliyopita. Mfereji upo kweli, koki na nguzo yake, umesimama karibu na msikiti, mbuzi hujikuna hapo. Bomba lenyewe halijawahi kufika. Alikaa mlangoni kwa Saado asubuhi nzima akitazama mtungi baada ya mtungi ukijaa, kisha akafungua daftari, akaandika: Maji yanapatikana. Chanzo: mgongo.

Wakaguzi wa mradi walikuja Alhamisi. Saado alilazwa mkekani nyuma ya mfereji, mpira wa maji ukaunganishwa toka mgongoni hadi kwenye koki. Mkaguzi mkuu alifungua, akanawa mikono, akalalamika kuwa maji yanatoka polepole. Abdisalam akapandisha namba hadi sita.

"Vumilia kidogo, eeddo," alimwambia, kama mtu anavyomwambia shangazi yake.

"Na bomba liko wapi, Abdisalam?"

"Liko kwenye ripoti, eeddo. Usijigeuze."

Mkaguzi aliyasikia yote mawili. Akatia sahihi.

Jambo ambalo kamati haikulitazamia ni kwamba Saado alikuwa anapona. Kila mtungi uliotoka uliondoka na uzito wake. Mwezi wa nne tangu aanze mashine aliweza kuokota sindano chini. Abdisalam akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni kila alipotembea wima. Majirani waliacha kumpa pole; sasa walimuuliza, kwa wasiwasi, kama hajapata nafuu. Rukiyo alimletea gunia la mahindi, eti amsaidie kulihamisha. Saado alielewa. Alifurahi kupona, akaona aibu kufurahi, kisha akakasirikia hiyo aibu.

Ijumaa moja asubuhi mashine iliunguruma tu juu ya ngozi kavu. Kina mama wakarudi na mitungi mitupu. Alasiri Saado alikisogeza kiti pembeni, akashuka: magoti, viganja, kisha paji la uso. Ardhi ilikuwa na joto. Alilia hapohapo na hakuinuka upesi.

Nje, Abdisalam hakubishana na mtu. Aliichukua mashine, akatia betri mpya, akapita nyumba hadi nyumba akiorodhesha wanawake wa kijiji kwa umri. Kwa makadirio yake walikuwa na maji ya miaka kumi na minane, mradi wasichana wasiache kwenda mtoni. Saado, bado amesujudu, alimsikia kupitia ukuta wa fito akiyasoma majina. La mwisho lilikuwa la Nimo, mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza ametumwa Tana. Abdisalam alisita kidogo mbele ya jina hilo, kisha akaandika: Bado hajajaa.