Seva ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na vyeti vingi mpaka ukuta wa sebule ukaanza kuinama, jirani ikabidi auegemeze gogo. Basi dada alipotaka seva ya kupokelea kurasa za vitabu kwenye kiwanda chake cha uchapaji, angemwita nani mwingine? Mchapishaji mmoja mkubwa alikuwa amempa sharti: faili zipite kwa usalama, na seva ikae nyuma ya ukuta wa moto, ule wa kuwazuia wadukuzi. Jaribio likifaulu, kazi ya mwaka mzima ni ya dada. Likishindwa, inavuka barabara kwa mpinzani wake.

Shemeji akajifungia na mitambo. Akatoka kifua mbele.

"Tayari! Hata jini hapenyi."

"Umeijaribu?" dada akauliza.

"Tena na tena! Hapa hapa kitini."

"Ukiwa ndani?"

"Sasa mke wangu, ulitaka nikakae juani?"

Mimi nikaendelea na chai yangu. Mtu anayepima kufuli akiwa amelala chumbani, utamwambia nini?

Siku ya jaribio, fundi wa mchapishaji akapiga simu, dada akaiweka kwenye spika. Anaingia, nenosiri linakubaliwa, anakaribishwa vizuri. Akituma kurasa, kimya. Kwenye ule ukuta wa moto, shemeji alikuwa amefungua mlango wa salamu, akasahau mlango wa mzigo. Mgeni kasimama na gunia kichwani, hana pa kulitua.

"Kosa lenu!" shemeji akafoka. "Mtandao wenu una kwikwi."

"Bwana, tumejaribu mitandao mitatu."

"Basi yote ina kwikwi!"

Dada akamtupia jicho la kuchemsha birika. Jasho likamtoka shemeji mpaka kibodi ikaota ukungu. Akabofya huku, akabofya kule, mwishowe akauzima ukuta wote wa moto.

"Tuma sasa!"

Kurasa zikamiminika. Akajipigia makofi.

"Zimefika," fundi akasema, "ila naona sasa hakuna ukuta kabisa. Mama, hatuwezi kuanika vitabu vyetu uwanjani. Samahani sana."

Mchana ule ule, lori la karatasi la mchapishaji likakata kona kwa mpinzani. Dada akalitazama kutoka dirishani, wapiga chapa wake wamesimama nyuma yake, mikono mitupu.

"Lakini faili zilifika, uongo?" shemeji akanong'ona.

"Zilifika, Injinia. Haya, geuka uwaambie hawa kesho watachapa nini."

Shemeji akakohoa, akasema ana simu ya kupiga.