Pumzi ya Arlene

Daktari Solveig Haugen alikuwa ametibu saratani kwa mionzi miaka mingi, lakini kila majira ya baridi alikuja mji wa Duluth kukaa darasani kama mwanafunzi, koti lake zito likining'inia nyuma ya kiti. Safari hii alikuwa na Arlene moyoni, mgonjwa wake wa saratani ya titi la kushoto, aliyepangwa kuanza mionzi Jumatatu. Moyo wa Arlene ulikaa karibu mno na njia ya mionzi.

Mwalimu wa darasa hilo, Renata, akawaonyesha madaktari picha mbili za mgonjwa mmoja. Katika ya kwanza alipumua kawaida. Katika ya pili alikuwa amevuta pumzi nyingi akaishika, na moyo ulikuwa umejisogeza mbali na njia ya mionzi, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Solveig aliitazama mpaka kahawa yake ikapoa.

"Haya, daktari, lala hapa ujaribu mwenyewe," Renata akasema, akionyesha kitanda cha mazoezi.

Kamera tu ndiyo iliyotazama kifua, mionzi hakuna. Solveig akavuta pumzi, akaishika kidogo, akaangua kicheko.

"Huyo amezoea kuongea!" wenzake wakamtania.

Walipotoka kwa mapumziko, Solveig akampigia Arlene simu.

"Dada Arlene, ile sauti ndefu unayoivuta kwenye kwaya, unaweza kuishika mpaka lini?"

"Mpaka mwalimu wa kwaya aniombe ninyamaze."

Hapo hapo Solveig akapiga simu kliniki. "Jumatatu msianze mionzi. Mpigeni Arlene picha upya, akiwa ameshika pumzi."