Benchi la Mama Divine

Kupika lutuku nimeacha, basi! Bamama wa kanisa hapa Swima walikuja kuniambia kwamba vijana wakilewa pombe yangu, wenye bunduki wanawakamata kama kuku na kuwapeleka vitani. Nikaona ni kweli. Pipa la kupikia nililipasua mwenyewe kwa shoka. Wakapiga vigelegele, wakanikumbatia, wakaenda zao.

Tangu vita vilipomvusha ziwa binti yangu Divine, akaenda Kigoma, walevi ndio waliokuwa watu wangu. Walitapika mlangoni, ndiyo, lakini waliniuliza nimeamkaje.

Jumapili nikakaanga ndagala wa ziwani, nikasonga bugali wa watu wengi, nikapangusa benchi. Anatole, aliyezoea kulala juu ya benchi hilo, akapita barabarani na shati safi.

"Anatole, karibu! Iko chakula tu."

Akasimama kulekule. "Mama Divine, bamama balitukataza kufika kwako."

"Hata sasa?"

"Habajasema kitu ingine, mama."

Akaniaga kwa adabu, akaenda wima, bila kuyumba hata kidogo. Nikaketi katikati ya benchi, sufuria magotini, nikala.