Kola ya Bosi

Mlezi wa watoto alimfungua mjukuu wangu Bosi vifungo vya shati pale pale mlangoni, kimoja kimoja, kama mtu anayemenya yai la moto. Ndiyo kawaida yake: mtoto havuki kizingiti asubuhi kabla hajakaguliwa shingo, kwapa na mapaja. Siku tatu alikuwa amelisifia lile shati jipya la kola ndefu na kumpitisha Bosi bila kulifungua. Siku ya nne mtoto alifika kola imelowa jasho, na yule mama akaona ampunguzie joto.

Shingo nzima vipele. Vidogo vidogo, vimesongamana kama ufuta uliomwagika.

"Mzee, hii nini?"

"Joto tu, mama."

"Najua ni joto. Nimeanza kulea kabla binti yako hajaota meno. Harara haiambukizi, na homa hana. Lakini mzazi mwenzenu akichungulia hapa hataniuliza ni vipele vya nini. Atamwondoa mwanawe, na wengine nyuma yake. Mrudishe. Ngozi ikitulia, mlete."

"Mama yake ameshaingia kazini."

"Si wewe upo? Au hiyo mikono ni ya kushikia begi tu?"

Begi lilikuwa begani kweli. Nilikuwa nimeshaaga. Dereva mmoja aliniwekea nafasi kwenye lori la saa nne, na wiki tano kwa binti yangu zilikuwa zimenitosha. Sijawahi kukaa mahali nikamaliza sabuni niliyoinunua hapo.

Binti yangu anashona kiwandani. Anatia kola kwenye mashati, kola tupu, kutwa. Mwezi ule alishakosa siku mbili kwa ajili ya mtoto, na msimamizi akamwambia akikosa ya tatu asijisumbue kurudi, maana langoni wapo wanaoisubiri cherehani yake. Kwa hiyo vipele vilipoanza, alifanya kile mikono yake inachokijua. Akaokota vipande vya kitambaa kizito, kile kisichopitisha hata pumzi, akamshonea Bosi shati la kola ndefu hadi kidevuni, mlezi asione. Na mimi, mzee mzima, ndiye niliyekuwa nalifunga kila asubuhi, nikijisifu kwamba vidole bado vina kazi. Vilikuwa vipele kumi na kitu. Tukavifunika, vikazaana.

Mlezi alinisindikiza kwa maneno. "Usimpake mafuta, wala poda. Muogeshe maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kumgusagusa, usimsugue. Mwache bila nguo apate hewa. Akipata homa, au vikitunga usaha, usije kwangu, nenda zahanati."

Nikarudi. Lori likaenda zake.

Chumba ni kimoja, bati juu, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Nikakunja zulia, nikapiga deki sakafu, nikaikausha, nikatandika shuka jepesi, nikamlaza Bosi karibu na mlango. Akalia. Nikampepea kwa mfuniko wa boksi la viatu. Akanyamaza. Nikipumzisha mkono, analia. Jina la Bosi alipewa kwa sababu hiyo hiyo.

Nilimuogesha mara tatu kabla ya jua kupinda. Kila mara kuchuchumaa, kila mara magoti yananiuliza nimekosa nini. Shingo yake ina mikunjo mitatu. Unaufungua mmoja taratibu, unaugusa kwa kitambaa cha pamba, unaingia unaofuata. Nimezibua mitaro, nimepakia saruji, nimelinda maghala ya watu. Hakuna kazi iliyonichosha kama kuumaliza mkunjo wa tatu.

Binti yangu aliporudi jioni alisimama mlangoni na nyuzi zimemganda kwenye nywele.

"Baba? Hukuondoka? Mbona mtoto yuko uchi?"

"Amerudishwa."

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Kesho nitamweka wapi? Kesho ni ya tatu, Baba."

"Utamwacha na mimi."

"Na wewe!" Akacheka, kicheko kisicho na meno. "Wewe umelea mtoto gani?"

Mtoto niliyepaswa kumlea alikuwa amekaa palepale kwenye ndoo. Nilimwacha akiwa na umri huu huu wa Bosi.

Baadaye akainama, akamtazama shingo. Akampuliza. "Umempaka nini?"

"Sijampaka kitu. Hewa tu."

"Hewa," akasema. Akachukua mkasi, akalivuta lile shati. Ile kola aliishona kwa mistari miwili, kazi safi, ungedhani ya mteja. Akaikata yote, akakata na mikono, halafu akalitazama akaona hata hivyo kitambaa ni kile kile. Akalitupa. Akachana kanga yake kuukuu iliyolainika, akamshonea kijivazi kisicho na shingo wala mkono.

"Kwapani pawe papana," nikasema.

"Baba, nifundishe mengine, siyo kushona."

Kesho yake alikwenda kazini, nami nikapepea. Siku iliyofuata pia. Vipele vikaanza kunywea, kwanza vya mgongoni, mwisho vya ule mkunjo wa tatu.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda wote kwa mlezi. Hakukuwa na vifungo vya kufungua. Akakagua shingo, kwapa, mapaja, akarudia shingo. Binti yangu alikuwa anatazama barabara ya kiwandani, midomo ameibana.

"Kola imekwenda wapi?" mlezi akauliza.

"Imekufa," binti yangu akasema.

"Ipumzike. Vimebaki viwili vitatu, navyo vinakauka. Mwingize." Akamchukua Bosi, kisha akanitazama mimi. "Na huyu mzee naye mlaze, anadondoka."

Binti yangu alikuwa ameshaanza kukimbia. Akageuka akiwa katikati ya barabara.

"Baba! Begi lako nimeliweka uvunguni. Lilikuwa linaziba hewa mlangoni."

Nilirudi nikajilaza kwenye shuka la Bosi, sakafuni. Sikulitafuta begi. Kupiga magoti tena, safari hii uvunguni, siku ile sikuweza.