Kushuka Grantham

Clifford Hebden aliwakatia watu tiketi za treni kwenye dirisha la stesheni kwa miaka thelathini na minane, na kustaafu hakukumponya. Wazee wenzake wa Keighley, mji wao wa kaskazini mwa Uingereza, wanafuga njiwa. Yeye anasoma kanuni za nauli, tena kwa raha zake. Mkewe Enid alishamzoea. Akimwona anatabasamu peke yake na karatasi mkononi, anajua kuna treni hapo.

Safari hii walikuwa wanakwenda Malta wiki mbili, ndege inaruka jioni kutoka Gatwick, kusini mwa London. Clifford akanunua tiketi za kwenda na kurudi, kutoka Keighley hadi uwanja wa ndege, na humo ndimo alimoficha mtego wake. Dada yake Enid, Mavis, anakaa Grantham, katikati ya njia, na dada hao walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na mmoja. Walinuniana siku waliyomzika mama yao, kisa trei yake ya kuokea. Trei, jamani! Mavis sasa alikuwa anagonga themanini, na Clifford alitaka sana wapatane kabla mmoja wao hajaitwa.

Siku ya safari alingoja mpaka treni ipite Doncaster. "Tunashuka Grantham," akasema. "Saa mbili tu, halafu tunaendelea. Nimeshampigia simu Mavis."

"Shuka wewe. Mimi naenda Malta."

"Tiketi inaruhusu, bibie. Imeshalipiwa. Usiposhuka, umewaachia bure watu wa reli."

Enid akamkazia macho. Mwanamke huyu hufua mifuko ya plastiki na kuianika. Kuacha kitu alichokwisha kukilipia kwake ni kung'olewa jino. Treni ilipopunguza mwendo Grantham, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni, mdomo ameuvuta.

"Nakunywa chai tu," alisema. "Na siongei naye."

Kweli hakuongea. Nyumbani kwake, Mavis alimimina chai. Trei ya mama ilikuwa mezani, ina keki ya tangawizi, na Enid akawa anaangalia dirishani kana kwamba nje kuna sinema. Clifford alizungumzia mvua. Akazungumzia tena mvua. Zikapita dakika arobaini, moyo wake ukaanza kusinyaa. Basi, kwa kukosa la kufanya, akachukua kitabu cha mapishi rafuni, na kikadondosha tiketi iliyowekwa humo kuonyesha ukurasa.

Wengine husoma barua. Clifford husoma tiketi. Aliiokota, akavaa miwani. Grantham hadi Keighley, kipande cha kwendea, kimetobolewa na kondakta. Tarehe ilikuwa ya Februari, miaka tisa nyuma, wiki ile ile aliyotoka Enid hospitali baada ya kupasuliwa nyonga.

"Shemeji," akasema taratibu, "wewe ulikuja kwetu."

Mavis akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilifika getini. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nikaona labda hutaki mtu, Enid."

"Nilikuwa nimelala!" Enid aligeuka mzima mzima. "Umekuja njia yote ile, halafu hukubisha hodi?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza," alisema Enid, machozi yanamtoka, "lakini baada ya chai!"

Mavis ndiye aliyeanza kucheka. Enid akafuata, wakashikana mikono juu ya trei ile ile, wakalia na kucheka pamoja, na keki ikaliwa mpaka makombo. Clifford alitoka akasimama uani kwa furaha, maana na yeye machozi yalikuwa yanamlenga.

Treni nusura iwaache. London, walipanda treni ya chini ya ardhi kutoka stesheni ya King's Cross hadi ya Victoria kwa tiketi zile zile, kwa sababu zina kialama cha msalaba kinachoruhusu kuvuka jiji bila nauli nyingine. Siku nyingine Clifford angekieleza kialama hicho kwa nusu saa. Leo hakupata nafasi. Enid aliongea njia nzima: Mavis amekonda, Mavis bado anaweka tangawizi nyingi mno, Mavis ana viatu vibovu.

Gatwick, mashine ya getini ikameza vipande vyao vya kwendea. Clifford alikuwa anarudisha pochi mfukoni Enid alipomnyooshea mkono.

"Nipe yangu ya kurudia."

"Si huwa nazitunza mimi?"

"Leo hapana. Hii nayo inaruhusu kushuka?"

"Ndani ya mwezi mmoja, popote njiani. Hata kulala, mama."

Enid aliitazama tiketi mbele na nyuma, akaitia kwenye mkoba, kwenye mfuko ule wa vidonge vyake vya moyo, akafunga zipu.

"Mpigie simu dada yangu," alisema. "Mwambie safari hii nakuja kugonga mlango mimi."