Vernell wa Picha Kumi na Moja

Ukiingia ofisi za bima za Hollis, pale mjini Pellham, Iowa, cha kwanza kukupokea ni ukuta wa picha. Picha kumi na nne za wafanyakazi wanaotabasamu, na katika kumi na moja yumo mtu mweusi. Hapa kashika kompyuta, pale kavaa kofia ya ujenzi, kule kakaa kwenye kiti cha magurudumu na miguu yake mizima kabisa. Mgeni angedhani karibu kampuni nzima ni watu weusi. Wapi! Wote kumi na mmoja ni Vernell Gaines.

Vernell alikuwa na miaka tisa katika idara ya madai. Mvua ya mawe ikipiga mahindi ya mtu, yeye ndiye huenda shambani akajua nani kaumia kweli na nani kayalaza mwenyewe kwa trekta. Alichokitaka ni kimoja tu, kuwa mkuu wa idara. Mara tatu kiti kilibaki wazi, na mara tatu akapewa mtu ambaye Vernell ilibidi amfundishe kazi. Wa mwisho ni Brett, mtoto wa dada yake Bwana Dale Hollis mwenye kampuni, ambaye hadi leo hawezi kutofautisha mahindi na mtama. Vernell akiuliza, Bwana Dale humpiga bega, humwambia avute subira, kisha humkumbusha kwamba Jumanne mpiga picha anakuja. Inauma, jamani, we acha tu.

Basi ikaja habari kwamba chama kikubwa cha wenye mashamba kutoka Chicago kinataka kuwapa kazi ya miaka mitano, na mjumbe wao anakuja kujionea ule mchanganyiko wa watu aliouona pichani. Bwana Dale kijasho chembamba kikamtoka. Akamwita Vernell, akafunga mlango.

"Ndugu yangu, kesho utakuwa watu wanne," akasema. "Siyo kumi na mmoja. Wanne tu."

Vernell alitaka kucheka, halafu akataka kulia, mwisho akauliza hao wanne ni akina nani. Akaambiwa mpokea wageni, fundi wa kompyuta, mhasibu, na wa nne atavaa suti aketi mezani kwa Brett, awe mkuu wa madai, na Brett atatumwa donati. Kiti chenyewe hicho alichokikosa mara tatu. Akakubali kama asiyetaka.

Mjumbe akafika saa nne asubuhi. Alikuwa Bi Odessa Pruitt, mama wa makamo, mweusi kama Vernell, miwani ikining'inia kifuani. Mapokezi akalakiwa na Vernell wa sweta, mwenye plasta ya buluu kwenye kidole gumba. Mama akampa mkono, akaitazama ile plasta. Kisha Bwana Dale akampandisha kwa lifti, huku Vernell anakwea ngazi za nyuma mbili mbili akijivua sweta. Mlango wa lifti ulipofunguka alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kofia, jina lake Maurice. Ghorofa ya tatu akawa mhasibu mwenye miwani ya kike ya kuazima, akihema mpaka makaratasi yanapeperuka mezani. Alipoulizwa jina, akili ikamkatikia, akasema Maurice tena. Bwana Dale akadakia kwamba jina hilo linapendwa sana hapo.

Ghorofa ya nne Vernell alikaa kwenye kiti cha Brett, suti mwilini, kofia ya fundi bado kichwani. Bi Odessa akavuta kiti, akaanza kumuuliza. Mawe yakipiga mahindi kabla ya kutoa mbelewele, hasara inapimwaje? Mkulima akidanganya, utamjuaje? Vernell akasahau kabisa kwamba anaigiza. Alieleza robo saa nzima, akachora mabua, na mama akawa anaandika tu.

Alipomaliza, Bi Odessa akatoa neno. Kazi watapewa, ila mkataba utaandika kwamba mafaili yao yote atayasimamia mkuu huyu wa madai, huyu huyu, na siku akiondolewa kwenye kiti hicho mkataba umekufa. Bwana Dale akaitikia kwa kichwa. Brett, mkuu mwenyewe, ndiyo kwanza anaingia na boksi la donati. Bi Odessa akachagua yenye sukari, akashukuru, akauliza kama kijana huyu ni tarishi.

Brett akamtazama mjomba wake.

"Ndiyo," akajibu Bwana Dale. "Ni tarishi wetu."

Vernell akamsindikiza mgeni hadi kwenye gari. Alitaka kusema kweli, lakini mama akamtangulia.

"Mwanangu, mko wangapi humo ndani?"

"Niko peke yangu, mama."

"Nilijua tangu plasta ya pili." Akatoa mkobani kijitabu cha chama chake, akakifunua. Ukurasa wa kwanza Bi Odessa anaongoza kikao. Wa tatu kavaa aproni, anamnywesha ndama. Wa saba ni daktari wa ng'ombe, na anaonekana kamwogopa huyo ng'ombe. Vernell akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Mimi kule Chicago ni watu tisa," akasema mama, "na mshahara ni wa mmoja. Haya, rudi ukakae kwenye kiti chako. Na hiyo kofia vua."